Meno ya Dereva

Siku risasi za kwanza ziliposikika mjini, jirani yangu alikuwa anabandika namba kwenye mkia wa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu. Meza ikatikisika, namba ikakaa upande, na kwa miaka yote ya vita iliyofuata alimwonyesha kila mgeni: tazama hapa, imepinda kwa ajili ya watu wasio na adabu. Sisi wengine tulipoteza ndugu, tukapoteza nyumba, wengine wakapoteza akili. Yeye alipoteza namba ya mkia, na alitegemea tumpe pole. Tukampa. Watu wa Bwiza, hapa Bujumbura, tumelelewa.

Tulimwita Daktari wa Meno, ingawa udaktari wenyewe alijipa. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi alifundishwa na Mbelgiji mmoja mwenye kliniki, na Mbelgiji huyo alipoona mambo yanachacha alipanda ndege ya kweli, ile ya kubeba watu, akamwachia kiti cha kung'olea meno, makoleo, vikwaruzo vya kila namna, na masanduku mawili makubwa ya maketi. Maketi ni jina lake yeye. Mimi niliviita vidude. Ni vindege, vifaru, vimeli na vigari vya plastiki vinavyouzwa Ulaya ndani ya boksi vikiwa vipande vipande, vingine vidogo kama chawa, na mtu mzima mwenye ndevu anakaa chini anaviunganisha kwa gundi, anavipiga msasa, anavipaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu, kisha anavifungia kabatini na kuwakataza watu wasivishike. Niliwahi kumwuliza vinafanya nini vikishakwisha. Alifikiri kwa muda mrefu, akanijibu kwamba vinakuwa vimekwisha.

Mi nilikuwa na saluni upande wa pili wa ukuta, na nyuma ya saluni ndiko nilikoishi na mume wangu na binti yetu Aline. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja, tena tofali la mwenye nyumba bahili. Daktari alisikia umbea wangu wote, na mimi nilisikia msasa wake: khrr, khrr, khrr, tangu asubuhi. Wateja waliniuliza kama nina panya. Niliwaambia ninaye mmoja, mkubwa, amesomea meno.

Kinyozi hajinyoi. Mtu huyu aliyetengeneza vinywa vya nusu ya mtaa alikuwa hana meno mawili ya mbele, na alizungumza akiwa ameweka mkono mdomoni kama bibi harusi. Ukimwuliza kwa nini hajitengenezei, alisema hana nafasi. Alikuwa na nafasi ya kukwangua mshono wa plastiki kwenye tumbo la meli, mahali ambapo hata samaki wasingetazama, lakini ya kujiwekea meno mawili hakuwa nayo. Mkewe alikuwa ameshafariki zamani, na mwanawe mmoja alifanya kazi serikalini na kuishi Kigobe, mtaa wa wakubwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia ukweli isipokuwa mimi. Nilimwambia mara nyingi.

Mgonjwa akiingia kwake wakati rangi haijakauka, alingoja. Shavu limevimba kama andazi, machozi yanamtoka, na Daktari anamwinulia kidole bila kugeuka. Alikuwa na msemo wake: rangi ikiwa mbichi, dunia ingoje. Dunia ilingoja, ikiugua, kwenye benchi, na nyingine ilihamia kwangu kuomba chumvi ya kusukutulia. Vikwaruzo vilikuwa vilevile, vya meno na vya vidude. Mimi mwenyewe aliponing'oa gego niliona rangi ya kijivu kwenye ncha ya koleo, nikamwuliza kama hiyo ni yangu au ni ya ndege. Alisema nifunge mdomo, halafu akakumbuka kazi anayofanya akasema nifungue.

Zilipokuja siku za mji kufa, yaani vijana wanapotangaza kwamba leo hakuna kutoka, hakuna kufungua duka, atakayeonekana barabarani shauri yake, sisi tulilala chini ya vitanda tukiomba Mungu. Daktari alizipenda siku zile waziwazi. Hakuna mgonjwa, hakuna gari, hakuna vumbi. Alisema hakuna mahali duniani rangi inapokauka vizuri kama Bujumbura siku ambayo mji umekufa. Tatizo lake lilikuwa mabomu ya milimani tu, kwa sababu yalitikisa meza. Aliwakasirikia wapiganaji wa pande zote mbili kwa haki sawa kabisa, na nadhani nchi nzima ile hapakuwa na mtu mwingine asiyependelea upande kama yeye.

Siku moja vijana walimsimamisha kwenye kizuizi chao, wakamwuliza yuko upande gani. Swali hilo lilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la kufa. Akawajibu kwamba yuko moja kwa sabini na mbili. Ndicho kipimo chake: kitu cha kweli unakigawa mara sabini na mbili, unapata chake cha plastiki. Alikuwa amebeba boksi la ndege kwapani, akaanza kuwafafanulia palepale, kwamba wengine hufanya moja kwa thelathini na tano, ambayo ni nzuri kwa magari, lakini inakula nafasi kabatini. Walimwacha apite. Kichaa hana kabila.

Na askari nao walikuja, msidhani hawakuja. Najua mnangoja niseme waliona vifaru kabatini wakamkamata. Aliyekuja alikuwa na jino. Alikaa kitini, bunduki mapajani, akaomba ashike kitu maana aliogopa sindano, na Daktari, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, akamruhusu mtu kushika kifaru. Jino lilipotoka, askari alikaza mkono na mzinga wa kifaru ukakatika. Upande wangu wa ukuta nikamsikia Daktari anamwambia mtu mwenye bunduki kwamba sasa ataomba radhi. Nikamvuta Aline nyuma ya jokofu. Askari akaomba radhi, pamba mdomoni, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Daktari alisema hakusikia.

Halafu vikaja vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Watu walilia petroli, walilia sukari, walilia dawa. Daktari alilia rangi ya kijivu. Basi akaingia saluni kwangu na koti lake jeupe, akasimama mbele ya rafu ya rangi za kucha, akavichagua vichupa kwa makini kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumhudumia. Akajipaka kucha ya kidole gumba kujaribu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akarudi. Kijivu haikuwepo, akaondoka na nyekundu, kahawia na moja ya rangi ya maziwa. Saluni ilikuwa imejaa. Jua halijatua, Bwiza nzima ilikuwa imeshamwoza. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mmoja aliapa kwamba mwanamke mwenyewe ni wa Kigobe, mweupe, mjane wa mkurugenzi.

Kesho yake mjane wa mkurugenzi akarudishwa kwangu akiwa na mabawa mawili. Rangi ya kucha inakula plastiki, hilo nilikuwa sijui, na yeye aliyejidai kujua kila kitu alikuwa hajui vilevile. Bawa lilikuwa limekunjamana na kububujika. Alisema nimemwuzia sumu. Nilimwambia tangu nifungue duka hakuna mteja aliyerudi hana vidole. Akasimama pale akilitazama bawa, kisha akaitazama rafu yangu kwa jicho jingine, akaomba ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kumbe kinachoharibu ndicho kinachounganisha: aliloweka vipande vya plastiki alivyokuwa anatupa ndani ya dawa ile, vikayeyuka, akapata gundi kushinda ya dukani. Tangu siku hiyo alinunua dawa ya kutolea rangi peke yake, na wateja wangu wakakata shauri kwamba ameachana na mwanamke wa Kigobe. Walimwonea huruma sana.

Mambo mawili zaidi niyaseme, maana mbele yatahitajika. La kwanza, alikuwa na boksi moja ambalo hakulifungua. Lori kubwa la jeshi, moja kwa thelathini na tano, la mwisho katika masanduku ya Mbelgiji. Lilikaa juu ya kabati na karatasi yake ya nailoni kama lilivyotoka kiwandani. Wakati mwingine alilishusha, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha. Nilimwambia mtu anayenunua mbuzi ili amsikilize akilia ana matatizo. Alisema analitunza kwa ajili ya wakati wa amani. Kwa hesabu hiyo, nikamwambia, litarithiwa na wajukuu.

La pili, hakuweza kutengeneza watu. Ndani ya maboksi yale huwa kuna watu wadogo, rubani, dereva, mpiga mzinga, na wote kwake waliharibika kwa ugonjwa mmoja: aliwapaka meno. Hakuweza kujizuia. Rubani mwenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama alikuwa na meno yote thelathini na mawili, anacheka kutoka sikio hadi sikio huku ndege yake imetobolewa na risasi. Niliwaona, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Alikasirika, akawang'oa wote, na tangu hapo vyombo vyake vyote vilikwenda bila mtu. Ndege zisizo na rubani, meli zisizo na nahodha. Kabati zima la vita bila mwanadamu hata mmoja, na yeye akaona ni sahihi zaidi.

Sasa mume wangu.

Mume wangu, Baba Aline, alikuwa na kamioneti, gari dogo la mizigo, rangi ya buluu iliyokwisha kuchoka. Alikwenda nalo milimani kuleta kabichi na viazi. Kila jioni aliporudi alipiga honi mbele ya mlango wa Daktari, si mbele ya mlango wangu, kwa makusudi, na vumbi lote likaingia kwenye rangi mbichi. Daktari alitoka kila jioni kumtukana. Aliitukana kamioneti kipande kwa kipande: taa yake, bomba lake la moshi, mlango wake wa kushoto uliobonyea, maneno yaliyoandikwa nyuma, "Haraka ya Nini". Mume wangu alisimama akicheka, jino la chuma linang'aa mbele, na jino lenyewe lilikuwa kazi ya huyohuyo Daktari. Akimaliza kutukanwa alimpa kabichi moja, na Daktari akaipokea. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yao.

Asubuhi moja alitoka, na jioni honi haikulia. Daktari alitoka nje wakati wake wa kawaida, akasimama mlangoni na brashi mkononi.

Waliotoka barabara ile walisema kulikuwa na magari yaliyochomwa. Ya nani, hawakujua, nani angesimama kutazama. Wengine walisema hawa, wengine wale. Hakuna aliyemwona mume wangu, wala kamioneti. Hakurudi hai na hakurudi maiti, akawa hajarudi tu.

Mabukwe, mama yake mume wangu, alishuka kutoka kilimani kwao akaja kukaa kwangu. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Aliweka mkeka uani ukitazama lango, na kila jioni alimtengea mwanawe sahani na kuifunika. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Wazee wa ukoo wakaja kuomba tupange siku ya kuganduka, ile siku ya kumaliza kilio, watu wanakaa, wanakunywa, wanamtaja marehemu, kisha walio hai wanaruhusiwa kuishi. Mabukwe aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawauliza gari iko wapi. Wakasema haijulikani. Akasema basi mutu iko njiani, gari ikifika tutajua. Wakarudi mara ya pili na mara ya tatu, na swali lilikuwa lilelile. Kwani alikuwa anaijua ile kamioneti kwa mlio, na masikio yake yalikuwa hayajaisikia.

Na mimi? Mimi nilikuwa si mke wala mjane. Maharusi hawakuja tena kwangu, maana nani anataka kusukwa siku ya ndoa yake na mwanamke ambaye kilio chake hakijafungwa? Lakini hilo nililiweza. Nisiloliweza ni sahani. Nilikuwa naiosha kila asubuhi, chakula kimelala. Nilitaka kulia mara moja, kulia kwa sauti, watu wanishike, niishe. Ukilia mbele ya mama anayengoja, unamwulia mtoto. Kwa hiyo nilisuka nywele na kutania wateja, na ndipo ulimi wangu ulipokuwa mkali hivi mnavyousikia.

Katika hali hiyo Daktari akaingia saluni, mteja akiwa kitini, akaniuliza kioo cha pembeni cha kamioneti kilifungwa kwa waya au kwa mpira.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nilimwambia akaulize huko barabarani kilikopotelea. Hakuchukia, akatoka. Kesho yake akaja na turubai: ilikuwa ya kijani, au ya kijani iliyotiwa kiraka cha buluu? Kesho kutwa, ule mbonyeo wa mlango, ulikuwa juu ya kitasa au chini? Alimfuata fundi makanika, akawafuata mama wauza kabichi, akasimamisha watu njiani kuwauliza habari za bampa. Mtaa ukaanza kusema vita hatimaye vimemfikia kichwani. Siku aliyoniuliza kama tairi la akiba lilikuwa limekwisha upande mmoja au pande zote, nikatupa kitana chini. Nilimwambia mtu amepotea, baba wa mtoto, mtu aliyekupa kabichi miaka yote ile, na wewe hujawahi kuuliza neno hata moja juu yake. Unauliza kioo.

Akaweka mkono mdomoni kama kawaida yake.

"Mama Aline," akasema, "yeye namukumbuka yote. Ni kioo nimesahau."

Nikamwambia ilikuwa waya. Akanishukuru, akaondoka, na msasa ukaanza upande wa pili: khrr, khrr, khrr.

Alikuja mchana wa Jumapili, tumetoka kanisani, amebeba sinia la vifaa vya meno limefunikwa kitambaa cheupe. Akalipeleka moja kwa moja uani, akapiga goti, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo, akaliweka juu ya mkeka mbele ya Mabukwe. Akafunua.

Ilikuwa kamioneti. Simaanishi kamioneti kama ile. Ilikuwa ile. Buluu iliyochoka, imechubuka mahali mume wangu alipopenda kuegemeza kiwiko. Kutu chini ya mlango. Mbonyeo chini ya kitasa. Kioo cha pembeni kwa waya. Turubai ya kijani na kiraka chake, aliyoitengeneza kwa karatasi laini iliyolowekwa kwenye gundi. Matope ya barabara ya juu, yale mekundu, si haya yetu ya mjini. Nyuma, kwa herufi ambazo lazima zilimtoa machozi, "Haraka ya Nini". Nikatazama juu ya ukuta, kupitia dirisha lake lililokuwa wazi, na juu ya kabati mahali pa boksi la lori hapakuwa na kitu. Alikuwa amelikata lile lori. Baadaye nilipomwuliza, alisema lilikuwa na kasoro tangu kiwandani.

Mabukwe aliinyanyua kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mbonyeo, akagusa waya wa kioo, akasoma nyuma kwa kidole ingawa hakujua kusoma. Halafu akaileta karibu na jicho lake akachungulia ndani kupitia dirisha la dereva. Alichungulia muda mrefu. Usukani ulikuwepo, na kiti chenye kitambaa kilichochanika kilikuwepo.

"Gari imefika," akasema.

Akachungulia tena.

"Gari imefika. Mutoto yangu ayuko ndani."

Akaiweka chini polepole. Akaomba maji, akanywa. Akaniambia nikachukue sahani ndani, nisiitenge tena, na nikawaambie wazee waje. Daktari, akiwa bado amepiga goti, akakohoa akaanza kueleza kwamba samahani, yeye huwa haweki watu, kwa sababu watu wake humtoka vibaya upande wa meno, na kwamba ikiwa mama angependa... Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote, na palepale, juu ya kiatu chake, nikaanza kulia kwa sauti, na Mabukwe akanishika.

Tulifanya kuganduka kabla ya mvua. Watu wengi walikuja, pombe ilitosha, mume wangu akatajwa vizuri kuliko alivyostahili kwa upande wa kelele za honi. Mabukwe akarudi kilimani kwao, kamioneti ameifunga kwenye kitenge, amebeba kwapani kama mtoto. Daktari alimfuata mpaka kituoni akimsihi: haijapigwa rangi ya juu ya kuilinda, na vumbi la kilimani ni kubwa mno kwa kipimo kile, litaonekana kama mawe. Mabukwe alimbariki akapanda gari. Daktari alikuwa hajawahi kutoa kidude chake hata kimoja, kwa mtu yeyote, na alirudi nyumbani na sura ya mtu aliyeibiwa. Maharusi nao wakarudi kwangu taratibu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Kigobe, vita vikielekea kwisha, redio kila siku inataja amani kana kwamba ni mgeni aliyekosa basi. Mwanawe alikuwa amemchukua akae kwake kwa sababu mikono ilianza kutetemeka. Nyumba nzuri, marumaru chini, mapazia, mfanyakazi wa kufungua mlango. Basi kumbe wale wateja wangu hawakukosea, hatimaye alikuwa na makazi Kigobe. Nilimkuta barazani, kabati lake la vyombo vya vita nyuma yake, na kibano mkononi kisichoshika kitu. Macho yalikuwa yameanza kuziba. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za biashara. Alisema amekuwa akifikiri, na waya wa kile kioo alikosea: ulizungushwa mara mbili, yeye alizungusha mara moja. Nilimwambia Mabukwe hajalalamika.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kiboksi, kile cha kuwekea jino la bandia kabla halijapelekwa kwa mwenyewe. Akanipa. Mkono wake ulitetemeka kiasi kwamba nilisikia kitu kikigongagonga ndani.

Alikuwa mtu. Mwanamume, amesimama, urefu wa kidole changu cha kati. Na alikuwa vibaya, sitaficha: jicho moja juu, jicho moja chini, sikio la kulia halipo, suruali rangi imevuja kwenye viatu. Kila mahali mkono ule wa uzee ulikuwa umeteleza. Isipokuwa mdomo. Mdomo ulikuwa wazi, unacheka, na meno yalikuwa yote mahali pake, la pili kushoto limepishana na mwenzake, la mbele la chuma, na lile lililomeguka pembeni, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoliona. Nilicheka na meno yale miaka yote ya ndoa yangu. Daktari ndiye aliyeyapima.

Nilihisi machozi yanakuja, na kulia mbele ya mtu yule mara mbili katika maisha ni kumpa kiburi. Kwa hiyo nikamtafutia kosa. Nilimwambia, Daktari, umezeeka, umekosea kipimo. Huyu ni mkubwa, mara mbili ya kipimo cha gari. Hataingia kwenye ile kamioneti hata ukimkunja.

Nilidhani atapasuka. Kwa mtu yule, kuambiwa amekosea kipimo kulizidi kutukaniwa mama. Lakini alitoa mkono mdomoni, akanionyesha lile pengo lake, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Najua," akasema. "Uyu si wa kuingia. Ameshashuka."

Nimemweka saluni, kwenye fremu ya kioo kikubwa, mahali maharusi wanapokaa. Wote humwuliza ni nani huyu, nawaambia ni dereva. Husema ni mzuri ila meno yake ni makubwa mno. Nawaambia ndivyo yalivyokuwa.